Baiskeli ya masafa marefu: Mnunuzi wa Kishapu aanze na tairi

Septemba 28, 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia alimaliza wa kwanza kilomita 267.5 za vilima vya Kigali na kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika, na njia ilikuwa kali kiasi kwamba katika mbio hizo za wanaume ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, Kigali si mbali. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Nzega, Tinde, Isaka na Kahama kabla ya kuvuka Rusumo.

Aliyezitazama mbio zile akiwa Mhunze au Maganzo, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, kisha akapata hamu ya kununua baiskeli ya kwenda mbali, ana haki ya kuvutiwa na zile fremu nyembamba na usukani uliopinda. Ila akumbuke kwamba nyuma ya bingwa lilikuwapo gari la mafundi lenye magurudumu ya akiba juu ya paa. Anayetoka Kishapu alfajiri akitaka kuingia Mwanza kabla ya giza hana gari hilo. Ana pampu, chupa mbili za maji na mafundi wa vijiweni.

Baiskeli inayomfaa ipo. Watengenezaji wakubwa wote wanayo katika orodha zao: baiskeli ya barabarani iliyoundwa kwa safari ya saa nyingi badala ya mbio za kupokonyana ushindi. Kazi ni kujua ipi kati ya hizo itaiweza barabara ya Shinyanga, na ipi itaishia kuning'inizwa ukutani ikisubiri kipuri kutoka Ulaya.

Safari ndefu si ngeni hapa

Wilayani Kishapu baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba maji, mkaa, magunia ya pamba kwenda kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), na mwanafunzi kwenda sekondari ya kata. Shinyanga mjini hubeba abiria pia, na wenyewe huziita daladala. Kwa miongo mingi zimekuwa za sura moja: fremu ya chuma, usukani ulioinuka, keria pana nyuma na gia moja. Zilitangulia Raleigh za Nottingham, zikaja Swala za kiwanda cha hapa nchini cha NABICO, na sasa zimetawala Phoenix za China pamoja na Avon na Hero za India.

Mbio ndefu nazo zina historia. Vodacom Mwanza Cycle Challenge, iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, iliwapa wanaume umbali uliokaribia kilomita 200 na wanawake kilomita 80. Tangu mwaka 2019 kuna msafara wa Twende Butiama, ambao huwatoa waendesha baiskeli Dar es Salaam na kuwafikisha mkoani Mara kwa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki Oktoba 14, 1999. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na njiani washiriki hupanda miti na kushiriki kazi nyingine za kijamii.

Wafaransa wana utaratibu wao wa kupima ustahimilivu. Paris–Brest–Paris, iliyoanza mwaka 1891, ni kilomita 1,200 zinazopaswa kumalizwa ndani ya saa 90, na kabla ya hapo mtu hufuzu kwa safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Ile ya 200 ina ukomo wa saa 13 na nusu. Piga hesabu: ni chini ya kilomita 15 kwa saa, ukijumlisha muda wa kula, kunywa na kuziba pancha. Kwa mwenye pumzi, hata Phoenix hufika humo.

Kwa hiyo kinachoiangusha safari ya kutwa nzima mara nyingi si ukosefu wa kasi. Ni mgongo unaokataa baada ya saa nne, ganzi ya viganja, au pancha ya tatu huku tyubu zimekwisha. Baiskeli ya masafa hupimwa kwa jinsi inavyoyapunguza mambo hayo matatu.

Umbo linaloupa mgongo nafuu

Aina hii ya baiskeli ilipata msukumo mkubwa kutokana na mbio za Paris–Roubaix, zilizoanza mwaka 1896, ambazo waendeshaji hupita takriban kilomita 55 za barabara iliyotandikwa mawe. Kampuni ya Specialized iliipa baiskeli yake jina la Roubaix mwanzoni mwa miaka ya 2000. Trek ikaleta Domane mwaka 2012, na mwaka uliofuata Fabian Cancellara wa Uswisi akashinda Paris–Roubaix akiwa juu yake. Giant wana Defy, Cannondale wana Synapse, Canyon wana Endurace. Majina ni mengi, wazo ni lile lile.

Tofauti na baiskeli ya mbio huanza mbele. Bomba linaloshika usukani ni refu zaidi, hivyo katika saizi ya mtu wa kimo cha kati usukani hukaa juu kwa sentimita 2.5 hadi 4, tena karibu na mwendeshaji kwa takriban sentimita moja. Hesabu hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Shingoni, baada ya saa tano, si ndogo. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma nao huongezwa kidogo, na uma hulazwa zaidi, ili baiskeli ishike mstari wake hata mwendeshaji akichoka na mikono ikilegea.

Mzee aliyepanda Phoenix maisha yake yote atatabasamu akisikia hayo. Baiskeli yake ni ndefu, uma wake umelala, na yeye hukaa wima. Kilichoikosesha nafasi katika safari ndefu ni uzito, gia moja na breki za vyuma. Umbo lake halina lawama.

Mwiba wa mgunga na tarakimu za pembeni

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imekatwa miti kiasi cha kuhofiwa kuwa jangwa. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza wananchi kurudisha ngitili, yaani malisho yanayofungwa na kuachwa yaote upya, na mamia ya maelfu ya hekta za miti na nyasi yakarudi. Migunga ilikuwa miongoni mwa miti hiyo. Matawi yake huzungushiwa maboma ya ng'ombe na husafirishwa kwa mikokoteni ya maksai, na miiba inayodondoka njiani humsubiri mwenye tairi jembamba.

Kumtazama fundi wa kijiweni akiziba pancha hapa ni somo tosha. Huigeuza baiskeli kichwa chini, huchomoa tyubu, huijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji hadi mapovu yaonyeshe tundu. Husugua kwa msasa, hupaka solusheni, hupuliza, husubiri ikauke kidogo, kisha hubandika kipande kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu na kukigonga kwa nyundo. Kabla ya kurudisha tyubu, fundi hodari hupitisha vidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, akitafuta ncha. Mwiba wa mgunga hukatikia ndani ya mpira, na asiyeutafuta hurudi kwa fundi kabla ya kilomita mbili.

Kwa barabara kama hizi, tairi la milimita 25 la baiskeli za mbio halifai. Huhitaji upepo mwingi, kama psi 90 kwa mtu wa kilo 70, na kila kokoto hupanda hadi mabegani. Tairi la milimita 35 lenye psi 50 hivi humeza mtikisiko wa lami iliyochakaa, na kwenye barabara korofi halimpotezei mwendeshaji kasi ya maana, maana nguvu inayotumika kurukaruka ni nguvu iliyopotea. Ndiyo sababu swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: fremu hii inapokea tairi la upana gani? Jibu likiwa chini ya milimita 32, mnunuzi wa Kishapu amshukuru na kuendelea na safari yake. Masika yanapokuja, udongo mweusi wa mbuga hushika kama ulimbo, na nafasi kati ya tairi na fremu ndiyo inayoamua nani anaendesha na nani anabeba baiskeli begani.

Linalofuata ni kipimo, na hapa wengi hunaswa. Tairi la Phoenix huitwa 28. Tairi la baiskeli ya kisasa ya barabarani, linaloandikwa 700C, nalo katika nchi nyingi huitwa 28. Hayaingiliani. Pembeni mwa tairi pameandikwa tarakimu ndogo: la Phoenix ni 40-635, la kisasa ni kama 35-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, vyote kwa milimita. Tofauti ya milimita 13 inatosha kumfanya mtu alale njiani akiwa na tairi jipya mkononi. Asitegemee kukuta tairi la 622 kila duka la vipuri Mhunze, hivyo moja la kukunjwa lisafiri naye.

Tyubu ina nafuu kidogo, ikiwa rimu inaruhusu. Tyubu ya 28 ya dukani, kwa dharura, inaweza kuingia ndani ya tairi la 622 lenye upana wa milimita 35 au zaidi. Kikwazo ni tundu la valvu. Baiskeli nyingi za bei kubwa zina tundu jembamba la milimita 6.5, wakati valvu ya Phoenix huhitaji tundu la milimita 8.5 hivi. Rimu yenye tundu pana humruhusu mtu kutumia tyubu ya kijijini. Ni jambo dogo ambalo haliandikwi kwenye matangazo.

Wapo watakaoshauri matairi yasiyo na tyubu, ambayo humiminwa maji ya gundi ndani ili yajizibe yenyewe. Ushauri ni mzuri, kwani tundu la mwiba huzibika kabla mwendeshaji hajajua. Lakini maji hayo hukauka baada ya miezi michache, na kwenye joto la Shinyanga hukauka upesi zaidi. Anayeyachagua aweke akiba nyumbani, na bado abebe tyubu.

Breki na gia zinazotengenezeka

Baiskeli mpya za masafa karibu zote zina breki za diski, na ni jambo jema. Diski haichakazi rimu wala haiishiwi nguvu kwenye matope. Zipo za aina mbili: zinazovutwa kwa waya na zinazosukumwa kwa mafuta. Za mafuta ni laini zaidi mkononi. Tatizo huanza zikivuja. Fundi pikipiki wa Maganzo anazijua breki za mafuta, atachukua chupa yake ya mafuta ya DOT na kumimina. Lakini breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, na DOT huharibu mipira yake ya ndani. Za waya hurekebishwa kwa kifunguo kimoja na waya wa akiba usiozidi ukubwa wa kiganja ukikunjwa. Kwa atakayekuwa mbali na jiji, za waya zinatosha.

Kwenye gia, kinachotafutwa ni wepesi. Mpangilio ulioenea ni meno 50 na 34 mbele, na nyuma kuanzia 11 hadi 34. Ukiweka 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu mara moja na kusogeza baiskeli kama mita 2.2, ukiweka 50 kwa 11, mzunguko huo huo huisogeza karibu mita 10. Idadi ya gia za nyuma si ya kujivunia. Cheni ya gia nane ni nene kuliko ya gia 12, huvumilia vumbi vizuri zaidi, ni rahisi kwa bei, na hupatikana Mwanza bila kuagiza.

Usilipie gramu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fremu ya kaboni inaweza kuishusha baiskeli hadi kilo nane. Ya alumini hukaa kwenye tisa au kumi. Ya chuma huzidi kidogo. Kwenye milima ya Kigali kilo mbili zina maana. Lakini Shinyanga mjini na Ziwa Victoria vyote viko kati ya mita 1,100 na 1,200 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Kolandoto, Maganzo, Hungumalwa, Mabuki, Misungwi hadi Usagara haina mlima wa kumshusha mtu. Kwenye tambarare mwendeshaji hushindana na upepo, na upepo haujali kama fremu ni nyepesi.

Kiangazi upepo mara nyingi huvuma kutoka kusini mashariki. Humsukuma anayekwenda Mwanza na kumkabili anayerudi, hivyo anayepanga kwenda na kurudi ajiwekee akiba ya nguvu.

Anayelenga Geita atakutana na hali tofauti. Akifika Usagara atakata kushoto hadi Kigongo, ambako tangu Juni 19, 2025 daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 limeondoa foleni ya kivuko cha Busisi. Mbele yake ni Sengerema, kisha vilima vya ukanda wa dhahabu, na ile gia ya 34 kwa 34 itapata kazi. Huko pia kaboni si lazima.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa kaboni, hasa ya mtumba. Ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi na usionekane hadi siku fremu inapokatika. Alumini iliyopinda huonekana kwa macho. Chuma kikipasuka, mtu wa kuchomelea geti anaweza kukishika hadi mtu afike nyumbani.

Magurudumu nayo yatazamwe kwa jicho hilo. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na hazikuwekwa kwa urembo. Gurudumu lenye spoku 20 likikatika moja huyumba hadi kugusa fremu. Lenye 32 likikatika moja, safari huendelea hadi kijiwe kinachofuata.

Kipimo cha mwili na jicho la mtumba

Baiskeli nzuri ya saizi isiyo yako ni mbaya. Simama bila viatu, mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya miguu na ukivute juu mpaka kiguse mfupa, kisha pima kutoka sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo kimo cha tandiko kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedeli. Mwenye sentimita 82 atapata 72.4. Fremu isiyoruhusu kimo hicho bila kulivuta bomba la tandiko kupita alama yake ni ndogo kwako.

Kama ni mtumba, beba rula. Pima pini 25 za cheni zinazofuatana, yaani viungo 12 kamili: cheni mpya ni sentimita 30.48. Ikifika 30.6, cheni imekwisha. Ikifika 30.8, meno ya nyuma nayo yameliwa, na bei ishushwe kwa gharama ya vyote viwili. Zungusha usukani gurudumu likiwa juu. Ukikwama katikati, gololi zimechimba. Shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, ni habu. Baada ya hapo ipande kilomita chache kwenye vumbi, nje ya lami laini ya mbele ya duka.

Kwa muhtasari, anayeishi Kishapu na kutaka kwenda mbali anafaa kununua baiskeli ya masafa ya alumini au chuma, yenye nafasi ya tairi la milimita 35 au zaidi, rimu za 622 zenye spoku 28 hadi 32, breki za diski za waya, gia nane au tisa nyuma, na sehemu za kufunga chupa zisizopungua mbili. Jina la kampuni lije mwisho. Pesa iliyobaki baada ya kuiacha kaboni inunue matairi mawili ya akiba, tyubu nne, taa ya nyuma yenye mwanga mkali na fulana inayong'aa, kwa sababu madereva wa mabasi ya Mwanza hawampunguzii mwendo mtu wasiyemwona.

Na anayepanga safari ya kwanza achague Juni au Julai, lami ikiwa kavu. Jua huchomoza karibu saa 12 na dakika 50 asubuhi. Akiondoka saa hiyo hiyo, atakuwa amekula kilomita 60 kabla halijawa kali. Anywe nusu lita hadi lita moja ya maji kila saa, hata kama hana kiu.